Filamu Tulizotazama na Papa Baada ya Matanga

Papa alikuja kukaa kwetu mjini, Mangobo, baada ya matanga ya mama. Hakutaka. Sisi watoto ndio tuliosema hawezi kubaki peke yake Bengamisa, katika nyumba ambayo kila sufuria ni ya mama. Tukampandisha pikipiki na begi lake, naye akakubali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubisha. Kwetu hakuwa na shamba wala jirani wa kusalimiana naye. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Wazo la filamu lilikuwa la mume wangu. Yeye ni mwalimu, na mwalimu mwenzake alimpa flashi iliyojaa filamu za kila namna, zote kwa Kifaransa. "Umeme ukiwepo tutazame na mzee," alisema. "Itamwondolea mawazo."

Tukaanza na ya vita. Mwanaume mmoja anamaliza jeshi zima, na shati lake halichafuki. Mimi niliiona ya kijinga. Tena niliogopa, kwa sababu wakati wa vita Papa alikimbilia porini pamoja na mama. Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama televisheni. Kumbe alikuwa na swali moja tu.

"Huyu mutu atakula saa ngapi?"

"Nani, Papa?"

"Huyu wa bunduki. Tangu asubuhi hajakula. Siye kule porini tulikuwa tunatafuta chakula tu, kila siku. Vita iko njaa."

Ya pili ilikuwa ya kutisha. Nyumba kubwa, milango inafunguka yenyewe, mwanamke anatembea gizani na taa ndogo. Niliikumbatia mito miwili na hata hivyo nilipiga kelele. Papa alimwuliza mume wangu kama mwanamke yule hana ndugu wa kumkaribisha, halafu akalala usingizi mzito kabla hatujajua ni nani anayefungua milango. Mpaka leo sijui filamu ile ilikuwa nzuri au mimi ndiye mwoga.

Kisha mume wangu akaweka ya kuchekesha, bila kujua inahusu nini. Ilikuwa ya msiba. Familia moja imemkodi mwanamke wa kulia, naye analia vizuri mno, anawashinda wafiwa, na kila wakimwomba anyamaze anaongeza sauti. Nilinyoosha mkono nizime.

"Acha," Papa alisema.

Akaanza kucheka. Kwanza polepole, mabega tu, halafu kicheko kikamtoka hadi akainama. "Kwenye matanga ya mama yako, tonton wako alilia hivi hivi. Bon, analia, lakini macho iko kwenye sufuria ya nyama!"

Na mimi nikacheka, maana ni kweli, nilimwona tonton, mjomba wetu. Halafu nikakasirika. Mama hajamaliza hata miezi miwili kaburini, na sisi tunacheka matanga yake. Halafu nikaona machozi kwenye mashavu ya Papa, nikashindwa kujua ni ya kitu gani. Nilikwenda jikoni kugeuza lituma ya ndizi ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Ya mwisho ilikuwa ya mapenzi. Mwanamke anamsubiri mwanaume miaka mingi. Siku anarudi, wanakunywa chai, wanazungumza habari za mvua, na mwanamke hamwambii kamwe kwamba alimsubiri. Niliipenda kuliko zote. Nililia kwa raha. Lakini katikati ya chai ile Papa alisimama akatoka nje, asirudi.

"Tumemgusa kidonda," mume wangu alinong'ona.

Asubuhi nilimpelekea Papa mikate na chai. Akaniuliza, "Yule mwanamke alimwambia?"

"Hapana, Papa. Mwanaume aliondoka bila kujua."

"Filamu mubaya."

"Mimi nimeipenda sana."

"Mubaya. Mutu iko mbele yako, unamwambia."

Niliketi karibu naye. Kuna jambo ambalo sisi watoto tulikuwa tunalinong'ona tangu msibani: kwamba Papa alimchelewesha mama kwenda hospitali. Nikamwuliza kwa upole, "Kuna kitu hukumwambia mama?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi? Nilimwambia yote. Ni yeye hakuniambia kama anaumwa. Nilisikia siku ameanguka shambani. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu mvua za mwaka jana. Alikuwa anasema mbele yangu habari ya mihogo tu."

Nilimshika mkono, naye akauacha kwangu hadi chai ikapoa. Nilitaka kumkasirikia mama na sikuweza. Jioni niliitazama tena ile filamu peke yangu. Mwanamke ambaye jana nilimwona mwenye moyo mkubwa, sasa nilimwona mkatili, na kufika mwisho nikalia tena palepale.

Nikawapigia ndugu zangu mmoja mmoja, nikawaeleza. Ule mnong'ono ukaisha. Papa akasema anarudi kwake, mihogo haitajilima, na safari hii hakuna aliyembishia. Aliomba kitu kimoja tu: ile filamu ya msiba iwekwe kwenye simu yake.

Baada ya wiki alinipigia. Sauti yake ilikuwa na nguvu, lakini kuna kitu kilimsumbua.

"Nimewaonyesha majirani ile filamu ya kuchekesha," alisema.

"Wamefurahi?"

"Hata mumoja hakucheka. Wamelia, wote, na mimi nikalia nao. Alors, ma fille, wewe umesoma. Ile filamu iko ya namna gani?"

Nilimwambia sijui. Kwa kweli sikujua.