Firigisi Chini ya Meza

Leo nimelia mbele ya darasa lote la uigizaji, na sababu ni firigisi ya kuku.

Nimepewa niigize baba mkali. Mimi, msichana! Wiki nzima nimekuwa nikifoka tu na hakuna anayeniamini.

Leo mwalimu akachoka. "Wacha kelele. Funga macho. Huyo baba yuko mezani, ameletewa kuku. Anafanya nini?"

Nikaiona sahani. Obusuma, ule ugali wetu, kuku, na firigisi juu kabisa. Kwetu Kakamega hiyo ni ya mwenye nyumba, mtoto haigusi.

Mkono wangu ukajiendea. Ukaichukua, ukaipitisha chini ya meza.

"Unampa nani?" mwalimu akauliza.

Nikafungua macho. Mkono bado uko chini ya meza, machozi yananitiririka.

Ni mimi, jamani. Baba yangu, na ule ukali wake wote, alikuwa ananipeanga firigisi yake hivyo.

(Wangapi mlilishwa kwa siri? Semeni hapa chini.)

Nimempigia sasa hivi, yuko nyumbani Malava. "Baba, asante kwa zile firigisi."

Akanong'ona: "Ongea polepole. Mama yako yuko hapa, na mpaka leo hajui."