Mguu wa Pili wa Kitwitwi

Juzi nilikuwa kwa mpiga picha wetu hapa Bukoba, nikingoja picha yangu, mara akaingia Mzungu mmoja wa idara ya kilimo, kofia kwapani, picha mkononi.

"Nimelala kifudifudi asubuhi tatu kwenye tope la ziwa kule Muleba," alisema, "nimpate kitwitwi, ndege wa ufukweni ambaye hajapigwa picha na mtu yeyote. Alisimama kwa mguu mmoja. Huyu uliyenisafishia ana miwili!"

Mpiga picha akaiinua picha kwenye mwanga, akaridhika nayo. "Wa pili nimeuchora mimi, bwana mkubwa. Hapa kwangu hatoki mtu na mguu mmoja."

"Aliuficha kwenye manyoya!"

"Ndiyo maana nikautoa."

Mzungu akapiga meza. "Picha hii inakwenda Ulaya kwa wataalamu! Wanamtaka ndege kama alivyo!"

Mpiga picha akamtazama kwa upole. "Na ile picha yako uliyompelekea mchumba wako, bwana? Nywele nilizokuongezea zilifika salama?"

Sote tuliokuwa tukingoja tukatazama dari. Mzungu akavaa kofia, akamchukua kitwitwi na miguu yake yote miwili, akaondoka.

Msomaji, usimcheke. Nilipopewa picha yangu, mimi niliyepigwa picha pekupeku, nilijikuta nimevaa viatu. Nikashukuru, nikaenda zangu.