Mwendo wa Slaidi za Mama Mifereji

Wanafunzi walimwita Mama Mifereji, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Ndiye mwalimu wa sayansi aliyepigania mpaka paa la madarasa ya nyuma likafungwa mifereji ya bati, maji ya mvua yakateremkia kwenye tangi, na watoto wa upande ule wakaacha kuja shule na madumu vichwani. Sasa kamati ya shule ilitaka kuamua kama mradi uendelee kwenye mapaa mengine au uishie hapohapo. Alipewa dakika tano za kuonyesha picha na kueleza. Mwenyekiti alikuwa mtu wa saa. Muda ukiisha anafunika kalamu yake, hata kama bado umeachama.

Basi aliipanga kompyuta yake picha zigeuke zenyewe, akafanya mazoezi nyumbani mbele ya mama mkwe, akaridhika.

Kisha mwalimu wa jiografia akaja kuiazima. Huyu walimu wenzake walimwita Tai, kwa ile tai nyekundu asiyoivua hata jua likiwaka. Alisema anachapa mtihani. Aliirudisha mchana, akitabasamu, akauliza kama maandalizi yanakwenda vizuri. Swali gani hilo? Tangu lini Tai akajali mifereji? Mwaka mzima aliiita mabati ya Mama.

Madarasa yalipokuwa matupu, Mama Mifereji aliwasha projekta ajaribu. Ikatokea picha ya mifereji. Hajafungua kinywa vizuri, ikatoroka. Ya mabomba nayo vivyo hivyo. Kisha likaja tangi, likaketi. Alisema yote aliyokuwa nayo kuhusu tangi, akakohoa, tangi bado linamtazama kama mgeni asiyejua kuaga.

Damu ikamchemka. Nani mwingine aliyeigusa kompyuta? Tena Tai huyuhuyu ndiye aliyeshika kipaza sauti wageni walipokuja kuona bustani ya mwalimu wa lugha, na mpaka leo watu huiita bustani ya Tai. Slaidi zikivurugika mbele ya kamati, ni nani atakayesimama kuyaokoa mambo, na tai yake shingoni?

Kesho yake alitembea na kompyuta mkobani mpaka chooni. Tai akiingia ofisini, yeye anafunika kioo. Tai akipiga mluzi, anasikia kejeli. Mwalimu wa lugha akamtania kwamba kilichobaki ni kuinunulia blanketi. Hakucheka.

Mwishowe uzalendo ukamshinda. "Umechezea kazi yangu," alimwambia Tai.

"Mimi? Dada, nilichapa mtihani wangu nikatoka. Hebu nione."

Alimwonyesha kwa shingo upande, amesimama nyuma yake, macho kwenye vidole vyake. Tai alitazama picha zote mpaka mwisho.

"Ulipofanya mazoezi ulibonyeza hapa," alisema. "Hapa kompyuta inakariri muda unaokaa kwenye kila picha. Hapo kwenye tangi ulikuwa unafanya nini?"

Mama Mifereji akakumbuka. Mama mkwe! Kwenye mifereji na mabomba alimharakisha, eti hayo ameyaona kwenye nyumba nyingi, pita mwanangu. Kwenye tangi akamng'ang'ania: nani analiosha ndani, mtoto akitumbukia je, ufunguo wa kifuniko anao nani? Alipotosheka, chai ilikuwa imepoa. Kompyuta ilikuwa imekariri subira ya mama mkwe.

"Nilikuwa na mgeni," alisema.

Tai alifuta muda ule wote, akajitolea kugeuza picha mwenyewe siku ya mkutano, kila atakapotikisiwa kichwa. Mama Mifereji aliitazama ile tai nyekundu. Mwingine anayejua hakuwepo. Akakubali, ila akatengeneza nakala ya slaidi kwenye flashi, akaificha kwenye pochi.

Mbele ya kamati, picha zilimtii. Alisubiri hila, haikuja. Alisubiri jina la Tai kwenye slaidi ya mwisho. Walikuwapo watoto tu, wakinawa mikono. Mwenyekiti akauliza ufunguo wa kifuniko anao nani, na jibu likamtoka bila kusita. Mapaa yote yakapitishwa.

"Hongereni nyote wawili kwa mradi wenu," alisema mwenyekiti.

Mama Mifereji akamgeukia Tai. Tai akasimama, akanyoosha tai yake.

"Ni wake, mwenyekiti. Mimi nimebonyeza tu."

Mama Mifereji alimshukuru kwa heshima zote. Kisha akaichukua kompyuta yake, akaitia mkobani, akavuta zipu mpaka mwisho.