Picha ya Kaka Niliyoipunguza

Mimi wateja nawakaripia. Ukiingia steshenari yangu hapa Korogwe na picha iliyotumwa na kutumwa tena mpaka imekonda, utanisikia. Asubuhi ile mteja alikuwa mama yangu mzazi, na picha ilikuwa ya kaka yangu, ambaye tulikuwa tunamzika Vugiri saa nane mchana. Mama alitaka picha kubwa ya fremu, ya kutangulia mbele ya jeneza. Kaka hakuwa mtu wa kupiga picha. Nzuri ilikuwa moja tu, na aliyeipiga ni mimi.

Nikaifungua kwenye kompyuta. Upana pikseli 240, urefu 320. Pikseli ni vile vimiraba vya rangi vinavyojenga sura, na picha niliyopiga ilikuwa na maelfu kila upande. Nikakumbuka. Kaka alipoomba kazi, mtandao ulikataa picha kubwa, nikaipunguza, kisha nikasevu juu ya ileile, ile kubwa ikafutika. Kosa ninalowafokea watu kila siku! Na simu niliyoipigia picha hiyo ilishakufa zamani.

"Mbona huprinti?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

"Picha ni ndogo, mama."

"Si uikuze?"

Nikaikuza, nikaiprinti karatasi nzima. Jicho la kaka likawa vimiraba vitatu vyeusi, mdomo ukapotea. Mama aliishika, akaitazama.

"Huyu simjui," akasema, akairudisha mezani.

Nje gari la Vugiri lilikuwa linapiga honi. Nilijichukia. Kompyuta hairudishi kilichotupwa, inakisia tu, na mimi ndiye niliyetupa.

Nikafanya lililobaki. Nikaiprinti kwa udogo wake, upana wa vidole viwili, katikati ya karatasi kubwa nyeupe, nikaitia kwenye fremu. Hapo ilikuwa safi, mpaka kovu la kwenye nyusi lilionekana.

Vugiri watu walinung'unika kwamba haionekani. Kila aliyepita ilimbidi ainame. Mama aliinama wa mwisho, pua karibu iguse kioo, akakaa hivyohivyo mpaka shangazi akamshika mkono.

"Ni yeye," akasema, kisha akanigeukia. "Ahsante mwanangu. Usingeitunza wewe, leo tungemzika bila sura."

Nikamjibu, "Haya, mama." Mpaka leo sijamwambia.