Mwaka Mbayuwayu Walipobaki Dzaleka

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hatukuhitaji kalenda. Mbayuwayu wakifika, mvua ziko karibu. Wakijipanga kwenye nyaya za umeme mwezi wa nne, wakipiga kelele kama wamama kwenye foleni ya maji, tulijua wanaondoka, na baridi inakuja. Katikati ya hapo tuliishi utoto wetu: mpira wa mifuko ya plastiki, kuruka kamba mpaka magoti yawe mekundu kwa vumbi, mahindi ya kuchoma, sombe ya mama, majani ya muhogo, juu ya ugali wa nsima, na darasa ambamo ukichelewa unasomea dirishani.

Baba alikuwa mwalimu kwetu Bukavu. Kambini akawa fundi cherehani. Majirani walifyatua matofali, sisi tukabaki chini ya turubai. Mama akilalamika, jibu lilikuwa lile lile kila mwaka: "Tujenge ya nini? Mbele ya baridi kufika, tutakuwa tumeenda ng'ambo." Nasi tulimwamini.

Nilipokuwa na miaka tisa, mwezi wa nne ulipita mbayuwayu wapo. Wa tano ukapita. Mwezi wa sita, upepo ukikata masikio, walikuwa bado wamebanana kwenye waya, kimya. Asubuhi tuliwakuta chini, wengine wamekakamaa, wengine wanapumua kwa shida. Dada yangu Neema, aliyenizidi miaka mitatu, ndiye aliyeanza kuwaokota. Aliwatia ndani ya sweta, akawaleta kando ya mbaula ya mama penye makaa.

"Neema, acha hao ndege," mama alimwambia. "We mwenyewe iko unakohoa."

"Bakipata joto batakwenda, mama."

Hawakwenda. Walikufa mmoja mmoja, na kila asubuhi Neema alitoka kwenye baridi kutafuta wengine. Kikohozi kikashuka kifuani. Alipewa vidonge, havikusaidia. Siku aliposhindwa kumeza uji, baba alimpakia kwenye baiskeli ya kabaza, ya kubeba abiria, mpaka barabarani, wakapanda minibasi kwenda hospitali Lilongwe. Mimi niliambiwa niende shule, dada atarudi.

Siku ya tatu, mchana, baba alirudi peke yake, sweta ya Neema imekunjwa mkononi. Mama aliitazama ile sweta, akakaa chini pale pale mlangoni. Kesho yake gari lilimleta dada, tukamzika kwenye makaburi ya kambi.

Matanga yalipokwisha, baba alichimba udongo akaanza kufyatua matofali. Jirani alimuuliza kama safari imekufa.

"Nitaacha mtoto wangu na nani hapa?" baba alijibu bila kuinua uso. Tangu siku ile hatukumsikia tena akitaja kuondoka. Na yeye sasa amelala karibu na Neema, na mama pia.

Nilipokua nilihamia mjini Lilongwe, mtaa wa Kawale, nikashona nguo za watu miaka minane, nikadhani mimi nimetoka. Ikaja amri kwamba wakimbizi warudi kambini. Nikarudi na cherehani na watoto wangu wawili, ndani ya nyumba ya matofali ya baba.

Mwaka huu mbayuwayu wamebaki tena. Tuko mwezi wa sita na bado wako juu ya waya. Juzi asubuhi nilimkuta mmoja amelala kwenye mchanga, nikachuchumaa kumwangalia. Mwanangu mkubwa akatoka na simu yake.

"Mama, sogea kidogo, unazuia mwanga."

Akapiga picha, akaituma kwa wenzake, akaingia kunywa chai. Vijana wa leo, nyumba ikiwaka moto watatafuta kwanza pembe nzuri ya kusimama. Nilicheka kidogo. Kisha nikamshika yule ndege. Alikuwa ameshakuwa baridi.

Enzi zetu tulikuwa na njaa, chawa na turubai linalovuja, lakini tuliulizana kila siku nani atatangulia kuondoka, nani atamwandikia nani barua, huko kuna baridi au joto. Tuligombania nchi ambazo hatukuweza hata kuzitamka. Watoto wangu sijawahi kuwasikia wakiulizana hivyo. Jioni ile nilimuuliza mkubwa, akitoka hapa angependa kwenda wapi.

Hakuinua macho kwenye simu.

"Nitoke niende wapi, mama?" akasema, kwa upole kabisa.