Miguu ya Kijiji

Kwetu, milimani Upare ya kusini, maji ya shamba yalikwenda kwa zamu. Kijito kilijaza bwawa tuliloliita ndiva, wazee wakalizibua asubuhi, na maji yakashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Ili upate zamu, nyumba yako ilipaswa kutoa mtu wa kwenda msaragambo, yaani kazi ya kijiji ya kuzoa matope ya ndiva na kuziba kingo zake. Nyumba isiyotoa mtu ilirukwa. Naeleza haya polepole kwa sababu bila kuyajua huwezi kuona jinsi watu wazima walivyojishusha kwa ajili ya kikombe cha mbio.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa shule ya kati, na nilikuwa na mbio. Basi. Lakini mwalimu wetu wa michezo, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia darasani, aliamua kwamba mbio za maili moja katika mashindano ya wilaya pale Same ni zake. "Mwaka huu tunakimbia," alisema. Sijapata kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea.

Siku ya mashindano ikaangukia siku ya msaragambo. Baba alikuwa tambarare akikata mkonge, mama alikuwa ametoka kujifungua, na mtu wa kutoa nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na mvua ya vuli ilikuwa imekatika. Nikamwambia mwalimu siwezi kwenda. Akanishika mkono, tukaenda kwa wazee wa ndiva.

"Shikamooni, wazee. Miguu ya kijana huyu si yake tena. Ni ya kijiji."

"Marahaba, mwalimu," akasema mzee aliyegawa zamu. "Kama ni ya kijiji, basi huko Same itakuwa inafanya msaragambo."

"Hasa."

"Akishinda."

Mwalimu akakohoa. "Atashinda."

"Asiposhinda, atakuwa alikwenda kutembea. Nyumba yao tutairuka."

Wakapeana mikono, wakarudi kwenye pombe yao ya miwa. Mimi sikuulizwa neno, wala hapana aliyetumwa kwa mama. Shamba zima lilikuwa limepandwa juu ya magoti yangu, na waliolipanda walikuwa wakicheka.

Tulishuka mlima alfajiri kwa miguu, mimi nikiwa nimebeba mkoba wa mwalimu. Alinikataza maji tangu tuondoke, kwa kuwa maji, alisema, ni mzigo tumboni. Tulipofika Same jua lilikuwa limekwisha kuchoma, naye akaketi kivulini akanywa chai, vikombe viwili. Mvulana mmoja wa tambarare alikuwa akinywa maji ya kibuyu karibu na mstari wa kuanzia. Mwalimu akanigusa bega. "Mwangalie yule mjinga," akaninong'oneza.

Niliongoza karibu mbio zote. Kisha ulimi ukanata, macho yakaanza kuona weupe, na yule mjinga akanipita akipumua vizuri kabisa. Nikawa wa pili.

Wewe unayekimbia shuleni kwako leo, nisikilize: wa pili amekimbia vizuri sana. Nakuambia mapema kwa sababu mimi niliambiwa, "Umeniaibisha mbele ya Bwana DC," na nikapewa mkoba niubebe kupanda nao mlima.

Wazee walikuwa wananingoja.

"Wa ngapi?"

"Wa pili, mzee."

Wakatazamana. Hilo hawakulifikiria.

"Wa pili hakushindwa," akasema mmoja.

"Wala hakushinda," akasema mwingine.

Wakabishana kwa uzito wa watu wanaogawa urithi, hadi mgawa zamu akapata hekima yake. "Basi ni nusu. Apewe nusu ya zamu."

Siku yetu ilipofika niliyafuata maji na jembe, nikiyafungulia mstari baada ya mstari. Katikati ya shamba yakasimama. Nikapanda hadi ndiva, nikamkuta mzee amekwisha kuziba, anajifuta mikono.

"Nusu ni nusu, mwanangu," akasema kwa upole.

Mahindi ya juu yakabeba. Ya chini yakajikunja, yakawa ya kulisha mbuzi. Mama alipoanza kutoka nje, alisimama pale kijani kilipokoma, mtoto mgongoni, akatazama huku na huku.

"Hapa ndipo ulipochokea?" akauliza.

Mwaka uliofuata mwalimu alinijia na tabasamu. "Safari hii ni wa kwanza tu. Kijiji kizima kinakutegemea."

"Ndiyo, mwalimu. Siku hiyo nina msaragambo."

Alinitishia kunifukuza shule, hakunifukuza. Aliogopa kuulizwa sababu. Siku hiyo nilikuwa ndani ya ndiva, matope hadi mapajani. Mgawa zamu alisimama ukingoni akilalamika kwamba kikombe kitakwenda tena tambarare, na miguu yote hii ipo hapa.

Nikamwomba ashike upande wa pili wa kapu la matope.