Nilivyofanywa Mjumbe wa Bodi kwa Sababu ya Sketi

Jumatatu saa tatu asubuhi niliingia kazini nikiwa karani. Saa sita mchana nilikuwa mjumbe wa bodi.

Sikuomba. Sikuhonga. Sikuota hata.

Iko hivi. Benki iliiandikia kampuni yetu ya magodoro barua kwamba haitafanya kazi na bodi isiyo na mwanamke hata mmoja. Mwenyekiti akatoka ofisini kwake, akaangaza macho huku na huku, yakatua kwangu.

"Mama, wewe si mwanamke?"

"Tangu kuzaliwa, bosi."

"Basi hongera. Kesho tuna kikao."

Nikampigia mume wangu. Alicheka mpaka akapaliwa. "Wamekupa kiti au wanataka picha tu?"

Picha ilipigwa kweli, tena siku hiyohiyo. Nikawekwa katikati.

Sasa sikia. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyeandika mihtasari ya vikao vya bodi, na niliiandika siku moja kabla ya kikao. Mwenyekiti ananisomea, mimi nachapa: "Wajumbe walijadili kwa kina, wakakubali kwa kauli moja." Kesho yake wanakuja, wanakunywa chai, wanasaini, wanaondoka. Huko kujadili kwa kina kulichukua dakika kumi na mbili.

Safari hii, kwa pilikapilika za picha, alisahau kunisomea.

Ajenda ilikuwa moja: kuchukua akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, yote, kununua kiwanja cha shemeji yake. Kiwanja chenyewe nakijua. Mvua ikinyesha, vyura wanahamia.

Tuko wafanyakazi mia mbili. Yumo dada yangu mkubwa, anashona makava ya magodoro, magoti yamekwisha, anastaafu Desemba.

Kikaoni tulikuwa watano: Mwenyekiti, Mwanasheria, Mkandarasi, Mzee wa Hesabu na mimi.

"Kuna anayepinga?" Mwenyekiti akauliza huku anafunga faili.

Nikanyoosha mkono.

"Mama, kwenda msalani hakuhitaji ruhusa."

"Napinga, Mwenyekiti."

Mwanasheria akakohoa. Mkandarasi akaanza kufuta miwani. Mzee wa Hesabu akaitazama dari.

"Haya, tumekusikia. Nenda kaandike muhtasari, ulete tusaini."

Nikakaa kwenye kompyuta yangu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, nikaandika kilichotokea.

"Mjumbe mmoja alipinga. Mmoja alikohoa. Mmoja alifuta miwani. Mmoja alitazama dari. Hakuna aliyeunga mkono. Pendekezo halikupita."

Nikawapelekea. Wakasaini wote. Mwenyekiti alisaini huku anaongea na shemeji yake kwenye simu, kisha akautuma benki pamoja na fomu ya kutoa pesa.

Alhamisi benki ikapiga.

"Mwenyekiti, hongereni kwa kulinda akiba ya wafanyakazi. Ila hatujaelewa, fomu ya kutoa pesa mmeileta ya nini?"

Bodi nzima ikaitwa mbiombio. Mwenyekiti akaturushia makaratasi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Huyu mama katuchezea! Katusainisha bila kusoma!"

Mzee wa Hesabu akajikuna kidevu. "Mimi nilisoma."

"Hata mimi," akasema Mwanasheria. "Mara mbili."

Mkandarasi akameza mate. "Ile ya miwani ilinichekesha."

Mwenyekiti akakaa chini taratibu.

Ningefurahi, lakini kilichonipanda ni hasira. Wanaume watatu, wasomi, wana magari, miaka yote hiyo walijua michezo ya Mwenyekiti na walikuwa wanasubiri mtu mwingine akatae kwa niaba yao. Wakasubiri mpaka akaja karani.

Akiba ipo. Haijaguswa hata senti. Dada yangu keshaanza kuhesabu wiki.

Funzo ni hili. Dada, ukiitwa ukajaze kiti, kijaze kwelikweli. Na nyinyi kaka zetu, "hapana" ni neno fupi sana. Mnaweza kulisema wenyewe.